Visanduku Vinne vya Masjala

Evelina alikuwa na ugonjwa mmoja, na wala hakuutafutia dawa: hawezi kuona kitu kimekaa upande akanyamaza. Picha ukutani ikiinama kidogo, ataamka kwenye kiti chake kwenda kuinyoosha, hata kama nyumba si yake. Basi kazi aliyoipata ilimkaa sawasawa, maana alikuwa mtengenezaji wa skrini za programu. Anakamata kisanduku cha kujazia maneno kwa kipanya, anakiburuta mpaka anapotaka, anakiachia. Kikipitiliza kidogo, anakirudisha kwa vitufe vya mishale, nukta moja moja, mpaka kingo zote zinyooke. Akimaliza anarudi nyuma na kiti chake, anakunja mikono, anatabasamu peke yake. Jamani, kila mtu na raha zake.

Mwaka huu alipewa kazi kwenye ofisi moja hapa Dodoma. Jina silitaji, wenyewe wapo na wanasoma. Masjala ya ofisi hiyo, yaani chumba ambamo kila barua inayoingia husajiliwa na kutiwa kwenye jalada lake, ilikuwa inaacha daftari na kuhamia kwenye kompyuta. Evelina aliwekewa meza ndogo humohumo masjala, ubavuni mwa Bi Batuli Halfani.

Bi Batuli alikuwa mtu wa Busi, kule Kondoa, mama mwenye ushungi safi kila siku na kopo la karanga za kukaanga lisilokauka. Miaka thelathini na tatu yuko kwenye chumba kile. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu, na alikuwa na ombi moja tu duniani, kila aliyekaa naye alilijua: aagwe akiwa kwenye kiti chake kilekile.

"Shikamoo, mama," Evelina alimwamkia asubuhi ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kula karanga, kompyuta haikimbii."

Na mikono yake sasa! Bi Batuli alifundishwa kwenye taipureta, tena na mwalimu aliyekuwa akifunika vidole vya wanafunzi kwa kitambaa wasichungulie. Akipiga, macho yako kwenye karatasi, vidole vinajua njia. Kipanya hakigusi. Akitaka kwenda kisanduku kinachofuata anabonyeza kitufe cha Tab pale kushoto, basi, anaendelea. Evelina alimpenda mama huyu siku ileile.

Siku ya tano Bi Batuli akamwambia kwa upole, "Mwanangu, skrini yako nzuri, ila umeanza na namba ya jalada, kisha tarehe. Sisi hatuanzi hivyo. Barua ikifika, kwanza tunaangalia imetoka wapi. Pili inahusu nini. Halafu tarehe. Namba ya jalada inakuja mwisho, maana mpaka ujue habari yenyewe ndipo ujue inakwenda jalada gani."

"Hilo tu, mama? Dakika mbili."

Na kweli hazikufika tatu. Evelina akaiburuta namba ya jalada toka juu kwenda chini kabisa, tarehe akaiweka juu yake, akapandisha vile vingine, akavinyoosha kwa mishale. Akajaribu barua kumi kwa mkono wake, anabofya kila kisanduku kwa kipanya, anaandika, anahifadhi. Zote kumi zikakaa mahali pake. Akanywa chai kwa amani.

Jumatatu ikawa siku ya majaribio. Bi Batuli akapewa barua hamsini. Akazimaliza kabla ya saa sita, akajipangusa mikono, akafungua kopo la karanga. Mkuu wa Utawala, Bwana Optatus, mtu wa haraka asiyependa mambo ya kuzungukazunguka, akachapisha orodha aione. Weee! Hapakuwa na barua hata moja iliyosajiliwa sawa. Penye tarehe pameandikwa maombi ya likizo. Penye namba ya jalada pameandikwa Mlali, mahali barua ilikotoka.

"Bi Batuli," alisema, na alisema bila ukali, "ulikuwa unaangalia skrini lakini?"

"Sikuiangalia, Mkuu. Niliangalia karatasi, ndivyo nilivyozoea."

Basi, kesi ikaishia hapo. Bwana Optatus akamgeukia Evelina, "Skrini yako haina tatizo. Uliijaribu mwenyewe?"

"Niliijaribu. Barua kumi, zote sawa."

Alisema kweli. Lakini kuna jambo jingine alilolifikiri na hakulisema: kwamba mama wa watu amezeeka, macho na akili vimechoka, ndiyo maisha. Alimhurumia. Siku ile alimnunulia hata zabibu pale getini.

Alhamisi asubuhi ikashuka barua toka juu. Uhamisho. Bi Batuli Halfani aende bohari kuanzia wiki ijayo, akatunze fagio na maboksi ya karatasi mpaka siku yake ya kustaafu ifike. Na kwa kuwa masjala ile haikupitisha karatasi bila kuisajili, barua hiyo nayo ilipitia mlango uleule wa barua zote. Ikawekwa kwenye trei ya Bi Batuli.

Akaisoma mara moja. Akachukua mhuri wa kupokelea, akaugonga. Akaiegemeza barua kwenye kibao chake cha kusomea, akavuta kibodi.

"Mama, acha," Evelina alisema. "Hiyo nitaisajili mimi."

"Kwa nini? Mpaka wiki iishe hapa ni kwangu."

Akaanza kupiga, macho kwenye karatasi kama kawaida yake. Evelina alishindwa kumtazama usoni, akayapeleka macho kwenye skrini. Ndiyo mara ya kwanza tangu afike kutazama skrini wakati Bi Batuli anapiga.

Bi Batuli akaandika barua ilikotoka: Mkuu wa Utawala. Maneno yakatokea chini kabisa, kwenye namba ya jalada. Akabonyeza Tab. Kile kijistari kinachopepesa kikaruka juu, kikatua kwenye tarehe. Hapo yakaandikwa, herufi moja baada ya nyingine, bila kosa: Uhamisho wa Bi Batuli Halfani.

Evelina alikijua kilichotokea kabla Tab ya tatu haijabonyezwa. Ukihamisha kisanduku kwa kipanya, unahamisha kinachoonekana tu. Mpangilio wa Tab unabaki ulivyozaliwa, mpaka uufungue na kuupanga upya. Namba ya jalada alikuwa ameishusha chini, lakini kwa Tab ilikuwa bado ya kwanza, na tarehe bado ya pili. Na yeye, bingwa wa kunyoosha, alijaribu kwa kipanya tu, asigundue chochote. Tena visanduku alivifanya vipokee lolote bila kulalamika, ukaguzi alisema atauweka baadaye. Bi Batuli hakukosea hata herufi moja katika zile barua hamsini.

Kurekebisha hakukuwa kazi. Alifungua skrini kwenye programu yake ya kutengenezea, akaita mpangilio wa Tab, vikatokea vinamba juu ya visanduku. Akabofya kimoja kimoja toka juu kwenda chini: moja, mbili, tatu, nne. Kwisha. Tusidanganyane, hapo alipiga hesabu. Kesho yake Ijumaa mkataba wake ulikuwa unasainiwa, wa kupeleka programu kwenye masjala nyingine tano. Angenyamaza, nani angejua? Lakini barua ya uhamisho ilikuwa imelala pale, na mhuri wake haujakauka.

Akapanda juu.

"Mkuu, makosa ya Jumatatu ni yangu, yote hamsini."

"Yako vipi? Wewe hukupiga barua hata moja."

Akamweleza, akamwonyesha kwenye kompyuta yake mwenyewe, skrini ilivyokuwa zamani na ilivyo sasa. Bwana Optatus akabonyeza Tab kwa kidole kimoja, akarudia, akarudia tena.

"Na kesho tunasaini," alisema.

"Najua."

"Kesho hatusaini, Evelina. Tutajaribu mwezi mzima, na watu wanaopiga hizo barua kila siku. Halafu tutaona."

Ilimuuma, tusemeje. Hata hivyo aliposhuka ngazi alikuwa na karatasi mkononi, ya kuufuta uhamisho, wino mbichi. Akaiweka kwenye trei. Akavuta kiti karibu na Bi Batuli, akamweleza yote, na lile la kumwaibisha yeye mwenyewe hakuliruka.

"Nisamehe, mama. Hata mimi nilisema moyoni umezeeka."

Bi Batuli alikuwa ameshika kopo la karanga. Akaliweka chini.

"Bohari haikuniuma, mwanangu. Bohari ni chumba tu. Kilichoniuma ni kwamba hata mimi niliamini. Siku tatu hizi ninapika, naonja chumvi mara mbili. Natoka, narudi kuangalia kama nimefunga mlango. Nilijiambia, Batuli, ndiyo basi."

Machozi yakamtoka Evelina, akayaacha yatoke. Bi Batuli akagonga mhuri kwenye barua mpya, akaiegemeza kwenye kibao, akavuta kibodi.

"Haya," alisema. "Wewe tazama skrini, mimi nitazame karatasi."