Kigoda na Mstari wa Kusubiri

Usiku wa jana niliota nimeingia ndani ya mfumo endeshi wa kompyuta kupitia mlango wa nyuma wa zahanati anakofanya kazi dada yangu Atupele. Kwapani nilikuwa na herufi h, imefungwa kwenye kanga. Mkono wa pili ulibeba kigoda cha jikoni, cha kupandia.

Herufi ile nilikuwa nimewaahidi waandishi wa mfumo huo. Wametawanyika nchi nyingi, na huandikiana maelezo katikati ya amri: hapa tunafanya hivi, kwa sababu hii. Kompyuta huyaruka maelezo hayo. Yako kwa ajili ya watu. Mimi huyasahihisha tahajia. Mambo ya programu nilijifunza mwenyewe, kwa hiyo nimechagua mahali ambapo nikikosea hakuna kinachozimika. Sharti moja tu hunitisha: mtu wa mwisho kugusa mstari, jina lake ndilo hubaki ubavuni mwa mstari huo, na maswali yote humwendea yeye.

Mlinzi wa getini alikuwa nukta mkato, amevaa koti la mvua.

"Umebeba vitu viwili," anasema. "Hapa rekebisho moja, jambo moja."

"Kigoda si rekebisho. Nitatoka nacho."

"Haya, pita. Lakini ukitoka bila hicho kigoda, mimi sikukuona."

Ndani kulikuwa na korido ya zahanati, ila kuta zake zilikuwa mistari ya maandishi. Mchana maelezo yale huwa ya Kiingereza. Ndotoni yalikuwa ya Kiswahili, na hakuna aliyeshangaa. Ninauona mstari wangu juu ya mlango: SUBIRI APA KIDOGO, DISKI ZA ZAMANI HUCHELEWA KUAMKA. Chini yake amesimama mwanamume mwenye sweta la kijani, ameubeba begani kama boriti.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kugusa au kutazama?"

"Ni herufi tu."

"Wenzako nao walisema herufi tu. Wakasoma jina langu hapo pembeni, wakarudi makwao."

Jina lake lilikuwa Ignasi. Ndiye aliyeuandika mstari ule, na tangu siku hiyo hajakaa. "Miguu siisikii tena," alisema, kama mtu anayezungumzia bei ya sukari.

"Si uuweke chini?"

"Nikiuweka chini unafagiliwa."

Mwisho wa korido ufagio ulikuwa unakuja, peke yake, unafagia. Kwa kila mstari ufagio uliuliza swali moja: "Wa nani?" Mstari usio na mtu wa kuujibia uliingia kwenye kizoleo pamoja na amri iliyokuwa chini yake.

"Jibu wewe basi, mzee," nasema. "Ni wako."

"Nilikuwa najibu. Siku hizi hausikii sauti yangu. Kazi hii niliiacha zamani, kijana. Ufagio unataka mtu aliyepo."

Nyuma ya mlango kitu kilikoroma. Nikachungulia, na pale palipokuwa na stoo palikuwa na wodi. Kitandani imelazwa kompyuta ya zahanati, ile kuukuu niliyoiwekea mfumo huu kwa sababu mingine yote iliikataa. Atupele ameshika waya wake kwa vidole viwili, anapima mapigo. Kwenye benchi kina mama wamekaa na watoto wao, wanasubiri, na taarifa zao zote zimo ndani ya mgonjwa.

"Dada, anaendeleaje?"

"Anaamka, ila taratibu. Waambie hao wenzako wasimkimbize, Lusajo. Wakimkimbiza haamki. Halafu hawa wote niwaambie nini? Niwaonyeshe herufi zako?"

Nilirudi kwenye korido. Nilipanda kigoda, nikafungua kanga, nikaipachika h. Iliingia kwa mlio mdogo, kama kishikizo cha shati. Papo hapo mstari wote ukahamia begani kwangu. Ulikuwa mzito, lakini unabebeka.

Niliposhuka, Ignasi alikikalia kigoda polepole, akanyoosha mguu mmoja, kisha wa pili.

"Aaah," akasema, akafumba macho.

Ufagio umefika. Unasimama mbele yangu.

"Wa nani?"

Jibu langu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni: mimi ni wa tahajia tu, waulize wengine. Nyuma ya mlango mgonjwa akakoroma tena.

"Wangu," nasema.

"Kwa nini tunasubiri hapa?"

Nilieleza bila haraka. Diski ya zamani ikiitwa haiitiki mara moja. Tukiendelea bila kuingoja tutasema haipo, na mwenye nayo atakuta kioo cheusi. Ipo moja ninayoifahamu, nikasema. Imelazwa humo ndani.

Ufagio uliinama, ukachungulia wodini.

"Sawa," ulisema. "Sina ugomvi na kusubiri. Nilikuwa nimechoka kuuliza na kunyamaziwa." Ukapita.

"Kigoda nitakirudisha," alisema Ignasi, macho bado ameyafumba.

"Lini?"

"Miguu ikinirudia."

Niliamka asubuhi bega likiniuma. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa Marketa, mtunzaji wa sehemu ile ya mfumo, ambaye sijawahi kumwona. Alishukuru kwa herufi. Kisha akaandika: jina lako ndilo liko hapo sasa, na aliyekutangulia hapatikani, kwa hiyo nakuuliza wewe. Huku kusubiri bado kunahitajika, au tuuondoe mstari huo na amri yake?

Nilimjibu kabla ya kunawa uso. Bado kunahitajika, niliandika. Ninayo kompyuta moja isiyoamka bila huko kusubiri. Leo nitaijaribu na kukutumia matokeo. Ukiwa na swali lingine juu ya mstari huo, niulize mimi.

"Lusajo!" Atupele aliita kutoka jikoni. "Kigoda changu umekipeleka wapi?"

Nilitazama chini ya meza, nikatazama uani. Hakikuwapo.

"Kuna mtu amekikalia," nilisema.

"Mtu gani asubuhi hii?"

"Alikuwa amesimama muda mrefu."

Atupele alinitazama. Kisha akageuza ndoo, akaikalia, akaendelea kumenya viazi.

"Haya," alisema. "Akishapumzika akirudishe."