Shule ya Saa Nne

Joëlle alikuwa mwalimu wa darasa la sita katika kambi ya wavuvi kando ya Ziwa Albert. Kila asubuhi nusu ya darasa lake ilikuwa tupu, kwa sababu mitumbwi ilirudi saa mbili, na watoto walibaki ufukweni kuvuta nyavu na kupasua samaki pamoja na wazazi wao. Alipochoka kuwaadhibu, aliamua kubadili saa. Alipanda barabara ya Bogoro hadi Bunia, kwa mkaguzi wa shule, pamoja na Félicien, mkuu wa wavuvi, ambaye hakuwahi kuketi darasani.

Mkaguzi alisoma barua yao, akaiweka mezani. "Shule zote zinaanza saa moja na nusu. Juu ya nini yenu iwe tofauti?"

Félicien alijibu bila kusita. "Muzee, samaki haiwezi kungoja. Jua ikipanda, inaoza. Lakini saa ine kazi iko imekwisha, na watoto wanazunguka bure. Mutupatie hiyo saa. Siye wazazi tutawaleta."

"Na mumoja akikosa?"

"Baba yake haingie ku ziwa kesho yake. Tumeshapatana."

Mkaguzi alicheka kidogo, akatia sahihi: mwezi mmoja wa kujaribu.

Jumatatu iliyofuata, kabla ya saa nne, watoto arobaini na wawili walisimama mlangoni, mikono yao ingali inanuka samaki. Madawati hayakutosha. Wavuvi walileta mbao za mitumbwi mikuukuu, wakapigilia mabenchi mchana ule ule.