Soko la Watu Wote

Pilipili zilikuwa zimepangwa mafungu mafungu juu ya gunia. Nyuma yake Phulmati alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu, midomo imepasuka kama tope la kiangazi. Bati la soko la zamani lilikuwa limepata moto hadi linalia. Kila mchuuzi pale mjini Vunidamu alikuwa na chupa ya maji karibu. Phulmati hakuwa nayo.

Vilimaina, naye mtu wa kiti cha magurudumu, akajisukuma hadi ubavuni pake, akamnyooshea dafu.

"Kunywa, mama."

"Nimeshakunywa."

"Saa ngapi?"

"Vili, nawe! Wataka niseme mbele za watu?"

Hakuwa na haja ya kusema. Choo cha soko kilikuwa ng'ambo ya mtaro, juu ya ngazi, chenye mlango mwembamba ambao hata mtu mwembamba huupita kwa ubavu. Phulmati alikuwa amepata suluhisho lake: kutokunywa. Anatoka nyumbani koo kavu, anauza pilipili na mboga za majani ya bele mpaka jioni, mwanawe amfuate na teksi. Maisha yake yote alikuwa amekata miwa. Kisha sukari nayo ikamkata yeye, kwanza kidole, halafu mguu mzima. Sasa ilikuwa zamu ya figo.

"Daktari ananiambia ninywe maji mengi," alisema, akifukuza nzi. "Nikamwambia sawa, baba, basi njoo ukae na mimi sokoni mchana mmoja."

Ndipo ikaja habari ya soko jipya. Wafadhili kutoka ng'ambo walikuwa wametoa sharti: hakuna jengo bila mshauri anayejua shida za walemavu. Mkuu wa baraza la mji, Apenisa Rokovada, akaja mwenyewe nyumbani kwa Vilimaina na fungu la mizizi ya kava, zawadi ya kuombea jambo, akaketi mkekani, akasema maneno ya heshima kama wasemavyo watu waliolelewa vizuri. Vilimaina alikuwa ameisomea kazi hiyo mji mkuu, Suva. Tangu lori la miwa lilipopinduka naye utotoni, majengo ndiyo yaliyokuwa yakimwambia hapa ingia, hapa usiingie. Akaona bora ajifunze lugha yao. Alikuwa ameshashauri kanisa na shule. Walimsikiliza, wakamshukuru, wakamlisha, wakajenga walivyotaka. Safari hii aliamini. Sharti lilikuwa la mwenye pesa.

Sharti lake yeye lilikuwa moja tu: kabla mstari wowote haujachorwa, Apenisa na injinia wake waende sokoni wakawasikilize wenyewe.

Wakaenda. Apenisa, katika kikoi chake rasmi cha sulu, cha kijivu kilichopigwa pasi, akasimama mbele ya pilipili, akamgeukia Vilimaina. "Haya, huyu mama anataka nini hasa?"

"Si huyo hapo? Muulize."

Apenisa akainama, akapaza sauti hadi wauza magimbi ya dalo wakageuka. "Mama! Unataka nini, mama?"

"Taratibu, bwana mkubwa," Phulmati akasema. "Kilichokatwa ni mguu. Masikio ninayo."

Soko zima likaangua kicheko. Apenisa akacheka pia, ila mshipa wa shingo ulimtoka.

"Nataka choo," Phulmati akaendelea, na sasa hakuna aliyecheka. "Niingie mwenyewe, nifunge mlango, nikojoe kama mtu. Mengine mtajua wenyewe."

Injinia akaandika. Vilimaina akamweleza mengine: mteremko wa polepole ambao mtu wa kiti ataupanda kwa mikono yake, usianze juu ya ukingo wa barabara, usizibwe na nguzo, meza za chini, choo cha ghorofa ya chini, kando ya meza za mboga, mlango mpana. Injinia akamwonesha michoro, naye akaisahihisha mpaka ikanyooka. Kisha mabati yakazungushwa, ujenzi ukaanza. Kila alipoomba kuingia kukagua, mlinzi alimjibu kwa upole uleule: "Humo hatari, dada, hasa kwa mtu kama wewe."

Siku ya uzinduzi mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Mbele, jengo lilikuwa na ngazi pana za kupendeza, na juu yake mlango wa vioo wa ofisi za baraza. Kando ya mlango, jiwe la uzinduzi lilifunikwa kitambaa. Mteremko aliutafuta kwa macho, akauona ubavuni, penye mapipa ya taka. Ulianzia juu ya ukingo wa barabara, ukasimama wima kama paa la nyumba, na nguzo ilikuwa imepandwa katikati yake.

Phulmati alikuja na sari ya zambarau, gunia lake la pilipili limekunjwa nyuma ya kiti. Alikuwa anatabasamu.

"Leo nimekunywa chai vikombe viwili," alimnong'oneza Vilimaina. "Na maji juu yake."

Vilimaina alitaka kumwambia arudi nyumbani. Hakuweza. Wauza muhogo wawili wakamsukuma Phulmati kwenye ule mteremko. Kiti kikateleza nyuma, wakakiwahi, wakakipenyeza kando ya nguzo, wakaegemeza mabega, wakamfikisha juu wakitweta. Vilimaina naye wakampandisha hivyohivyo, kama gunia. Ndani palikuwa na vigae vyeupe na harufu ya rangi mpya. Na choo kilikuwepo. Mlango mpana, mchoro wa kiti umebandikwa, kila kitu mahali pake. Na kufuli.

"Nani ana ufunguo?" Vilimaina akamuuliza msafishaji.

"Msimamizi wa soko."

"Yuko wapi?"

"Kwa wageni. Lakini humo hamuingiliki, dada. Amepanga friza yake na madebe ya rangi."

"Kamwite."

"Sasa hivi? Mgeni rasmi anahutubia!"

"Kamwite, nimesema!"

Msafishaji akaenda, akarudi peke yake. Nje bendi ilikuwa imeanza. Phulmati alikuwa ameshika mikono ya kiti chake kwa nguvu, macho yamekaza kwenye lile kufuli, midomo inaenda kama mtu anayesali. Vilimaina akagonga mlango kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Bati la mlango likalia, bendi ikalimeza.

"Acha, mwanangu," Phulmati akasema. "Basi. Acha."

Maji yakaanza kudondoka chini ya kiti, polepole kwanza, kisha yakatambaa juu ya vigae vipya. Phulmati akalivuta gunia lake la pilipili akajifunika mapajani. Hakulia. Msafishaji alikuja mbio na fagio la maji, akapangusa kuzunguka magurudumu bila kuinua uso, maana mgeni rasmi alikuwa ashuke kutembezwa ndani wakati wowote. Wakati huohuo kipaza sauti kikatangaza kwamba kitambaa kimeondolewa na jiwe linasomeka: Soko la Watu Wote, limejengwa kwa ushauri wa Bi Vilimaina Tukana. Watu wakapiga makofi, wakageuka huku na huku kumtafuta.

Vilimaina alipoteremshwa, alimkuta Apenisa chini ya hema, sahani ya nguruwe na dalo mkononi.

"Vili! Umelisikia jina lako?"

"Liondoe."

"Shari gani hii? Leo sikukuu."

"Mteremko ule mtu atapanda vipi?"

"Mkandarasi alibanwa na nafasi. Ngazi zilikula uwanja." Akashusha sauti. "Dada yangu, huku si Sydney. Sisi ni watu wa kubebana. Ukitaka kupanda, vijana tele, watakubeba kwa upendo."

"Na chooni watanibeba kwa upendo? Watanivua nguo pia?"

"Lugha hiyo, mbele ya wageni…"

"Mama wa watu amejikojolea mbele ya kufuli lako, Apenisa. Wewe unaona aibu ya lugha!"

Apenisa akaweka sahani chini, akajipangusa vidole kimoja kimoja. "Hospitali inafuata," akasema kwa utulivu. "Mshauri atahitajika. Nikuite wewe, ama nitafute mtu anayejua kushukuru?"

Vilimaina akaugeuza uso. Kilichomuuma zaidi ni kwamba, kwa kitambo kidogo, alikuwa ameipima hiyo hospitali moyoni.

Tangu siku ile Phulmati hakurudi ndani. Mwanawe alimweka nje, kando ya barabara chini ya ngazi, naye akarudi kwenye kiu yake. Wateja walimjia. Wiki haijaisha, askari wa baraza wakamjia pia.

"Mama, biashara ni ndani."

"Ndani naingia vipi?"

"Hilo si letu. Nje hairuhusiwi."

"Basi nifungulieni choo, nitaingia hata kwa kutambaa."

Mmoja wao, kijana aliyemfahamu tangu utotoni, akatazama pembeni. Mwingine akakunja gunia pilipili zikiwa humohumo. Wakamnyanyua Phulmati na kiti chake, watu wanne, wakampakia nyuma ya lori la baraza kati ya vigenge vya mbao. Hakupiga kelele. Alikuwa na homa kwa siku ya tatu sasa, na midomo yake haikuwa na mate ya kupigia kelele.

Vilimaina alifika lori likinguruma. Akakizungusha kiti chake mbele ya bampa, akafunga breki. Dereva akapiga honi. Akapiga tena. Watu wakajaa, wachuuzi wakatoka na visu vyao vya kukatia dalo, wakasimama bila kujua wafanye nini navyo.

"Mshusheni," Vilimaina akasema. "Nipondeni kwanza, halafu mpite."

Mlango wa vioo ukafunguka juu. Apenisa akatokeza, jiwe lenye jina la Vilimaina likimeremeta ubavuni pake. Akautazama umati, akatazama lori, akamtazama Vilimaina chini barabarani. Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu mwenye subira.

"Mbona kupigizana kelele njiani, dada? Mimi mlango wangu uko wazi kwa kila mtu. Panda huku juu, tuzungumze."

Akasimama palepale, juu ya ngazi, ameushikilia mlango wazi kwa mkono mmoja, akimngoja.