Ng'ombe Aliyetazama Nyuma

Hamduni wa Kabasa, muuza vitenge, alikuwa na gari moja na macho mabovu. Gari lilikuwa Probox iliyochakaa, iliyomzungusha kwenye minada ya Bunda na Butiama miaka nenda miaka rudi. Macho yalikuwa yameingia ukungu, na daktari alimwambia wazi asiguse usukani mpaka apasuliwe. Sasa nani ashike ufunguo? Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika.

Kulikuwa na Yasmin, bintiye wa miaka kumi na minane, aliyekuwa ametoka juzi tu kwenye kozi ya udereva Musoma, leseni mkononi. Na kulikuwa na Fahadi, mtoto wa kaka yake Hamduni, aliyemzidi Yasmin mwaka mmoja wa umri na miaka kumi ya majivuno. Huyu alikuwa na leseni ya kujifunzia tu, na darasani hakukanyaga. Alijifunzia kwenye uwanja wa mpira, akizunguka magoli.

"Kozi ya nini, baba mdogo?" alisema. "Mimi naendeshaga tangu niko la sita."

Hamduni akakata shauri. Wangeenda mnada wa Butiama. Kwenda aendeshe Yasmin, kurudi Fahadi. Atakayemridhisha angechukua ufunguo, mwingine angebaki dukani kukunja vitambaa. Yasmin hakuogopa duka. Alichoogopa ni baba yake, asiyeona vizuri, kukaa kila wiki pembeni ya Fahadi, asiyetazama. Aliapa moyoni kwamba hilo halitatokea.

Basi wakaondoka asubuhi, Hamduni mbele, Fahadi nyuma amebanwa na marobota ya vitenge. Hawajatoka mjini Bunda vizuri, Yasmin akaanza kusema.

"Bodaboda kushoto, anataka kuingia. Mama na ndoo, hajaniona. Basi limesimama, kuna watu watashuka."

"We Yasmin," baba akamgeukia, "unaongea na nani?"

"Na barabara, baba. Mwalimu Jenoveva ndivyo alivyotufundisha. Kila unachokiona unakitaja. Anasemaga, ukikaa kimya, akili nayo inalala."

Fahadi alicheka mpaka robota likamwangukia. "Jamani! Dereva au mtangazaji wa mpira? Tangaza na mimi basi, niko nyuma nimebanwa!"

"Nyamaza uendeshe," Hamduni akamwambia binti. "Mimi nimeendesha miaka yote hiyo kimya, na nipo."

Kumjibu baba ni jambo zito, na Yasmin alilelewa akalelewa. Alipunguza sauti lakini hakuacha. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na siku hiyo Yasmin ndiye alikuwa ng'ombe. Alinong'ona njia nzima. Akakataa kulipita lori kwenye mlima, Fahadi akasonya. Akapunguza mwendo mbele ya shule iliyofungwa, Hamduni akahema kwa nguvu. Kufika Kiabakari, baba yake alikuwa ameacha hata kumtazama, na Yasmin akajua ufunguo unamponyoka.

Mbele kidogo wakakuta ng'ombe wanavuka kutoka kushoto. Yasmin akasimama. Wakavuka taratibu, kama wenye nchi, na wa mwisho alipofika ng'ambo barabara ikabaki tupu.

"Wamekwisha," Hamduni akasema. "Twende, wenzetu wameshatandaza."

Yasmin hakuondoa mguu kwenye breki. Ng'ombe mmoja alikuwa amebaki ukingoni, amegeuza shingo, analia akitazama walikotoka. Yasmin mtoto wa mjini alijua ng'ombe kwenye bucha tu. Lakini mwalimu Jenoveva, aliyezaliwa Butiama kwenye zizi, aliwarudia neno moja hadi wakachoka: msimtazame mnyama, tazameni anakotazama. Upande wa kushoto kulikuwa na ua mrefu wa minyaa, na nyuma ya ua hakuona kitu.

"Yule ng'ombe anatazama nyuma," akasema. "Na mchungaji hajavuka."

"Mchungaji yupi? Piga honi upite!" Fahadi akapayuka.

"Yasmin, nimesema twende!"

Yasmin akakaza mguu kwenye breki. Hajawahi kumkatalia baba yake jambo mbele ya mtu. "Nisamehe baba," akasema. "Siendi."

Hamduni alikuwa amefungua kinywa kumkaripia, minyaa ikapasuka. Mzee mmoja akachomoka mbio, amebeba ndama mbichi mabegani, bado ana utelezi wa kuzaliwa. Tumbo la ndama lilimziba uso upande wa gari. Hakutazama kulia wala kushoto. Akapita mbele ya boneti, karibu kiasi cha kuigusa, akaenda kumtua mtoto miguuni kwa mama yake. Sidhani kama alijua kwamba pale palikuwa na gari.

Ndani ya Probox, Fahadi alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili.

"Mimi sikumwona," Hamduni akasema polepole. "Yuko hapa mbele ya pua yangu, nikaona kivuli tu."

"Hata mimi sikumwona, baba mdogo," Fahadi akasema, na safari hii hakukuwa na mzaha.

Mnadani waliuza kama kawaida. Jioni, marobota yaliyobaki yalipopakiwa, Fahadi akasimama kwenye mlango wa dereva, maana zamu ilikuwa yake na ahadi ni ahadi. Hamduni akatoa ufunguo mfukoni, akampita, akauweka kwenye kiganja cha binti yake.

"We Jumatatu unaenda Musoma," akamwambia Fahadi. "Kwa huyo mwalimu."

Fahadi akaingia nyuma. Yasmin akawasha gari, akatazama vioo, akaingia barabarani. Midomo ilikuwa inacheza, sauti haitoki, kwa kuwa alikumbuka alivyokaripiwa asubuhi.

Hamduni alikaa mbele, macho yake ya ukungu ameyaelekeza kwenye kioo cha mbele.

"Sema kwa sauti, mwanangu," akasema. "Na mimi nione."