Joachim na Bibi wa Jiwe

Apolonia, mjane wa kijiji cha Itungwa huko Kilolo, aliingia msituni asubuhi kutafuta uyoga. Uyoga mzuri huota karibu na Jiwe la Bibi, mpakani na kijiji cha jirani. Wazee husema hapo anakaa bibi kizee anayeita watu kwa majina, na miti ya hapo ni yake, haikatwi. Apolonia hakumwogopa bibi. Aliogopa wenzake wasimtangulie.

Akiwa ameinama, ukungu ukashuka. Akageuka huku, akageuka kule, njia haionekani. Baridi ikambana, akajitanda shuka jeupe kuanzia kichwani.

Mara akasikia vishindo. Alikuwa Joachim, mlinzi wa msitu, mtu ambaye akishakunywa ulanzi huapa kwamba msituni humo hakuna cha kumtisha.

“Joachim!” Apolonia akaita kwa furaha. “Joachim, nisubiri!”

Joachim akageuka. Akaona kitu cheupe kando ya jiwe, hakina uso. Panga likamponyoka.

“Bibi, si mimi! Mti wako kaukata Saulo!”

Akatimua mbio. Apolonia, kwa kuhofia kuachwa, akamfuata, kikapu mkononi, akiita. Kila alipoita, Joachim alizidisha mwendo. Waliteremka bonde, wakavuka mto, wakapita kwenye mashamba ya viazi, na Joachim akajitupa ndani ya kanisa ambamo kwaya ilikuwa mazoezini.

“Nifungieni mlango!”

Kabla hawajaufunga, Apolonia akaingia akihema, shuka limemshuka mabegani.

“Kamwene,” akawasalimu. “Asante, Joachim. Bila wewe ningelala msituni.”

Joachim akamtazama, akajifuta jasho. “Nilikuwa nakuonyesha njia, mama.”

“Njia nimeiona. Ila mti wa bibi, umesema kaukata Saulo?”

Kwaya nzima ikamgeukia Saulo, mwalimu wao. Saulo akakohoa.

“Nilikata kwa kazi ya Bwana,” akasema, akiinyooshea kidole ngoma mpya. “Na Joachim mwenyewe alishika upande wa pili wa msumeno.”

Mpiga ngoma akaishusha taratibu sakafuni, akajifuta mikono kwenye suruali.

Mwenyekiti wa kijiji aliwaamuru wote wawili wapande miche kuzunguka jiwe, Apolonia awasimamie. Jumamosi watu wa vijiji vyote viwili walikuja kutazama, wakitafuna mahindi ya kuchoma. Saulo alijaribu kuanzisha wimbo ili kazi iende. Hakuna aliyemwitikia. Joachim aliendelea kuchimba mashimo bila kuinua kichwa, na Apolonia akamwambia lile la mwisho halijafika kina.