Neno la Matroni

Mimi ni dobi, na nafua vizuri. Nalisema mapema ili tusipotezeane muda. Kwa miaka kumi na tisa mashuka yote ya kliniki moja yalipita mikononi mwangu, yenye damu, yenye dawa, yenye uji wa watoto, na yote yalirudi vitandani meupe pe. Kliniki ilipofungwa, matroni aliyekuwa mkubwa wangu aliniandikia barua ya sifa kwa Kiingereza, akaipiga na muhuri.

Miezi mitano baadaye hoteli moja ikatangaza nafasi ya msimamizi wa chumba cha kufulia. Niliitaka kazi ile kwa kufa na kupona. Walitaka barua ya mwajiri wa zamani, na Kiingereza changu mimi kinaishia kwenye salamu na maandishi ya pakiti za sabuni. Kwa hiyo siku moja kabla ya usaili nikampa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, anisomee. Tunamwita Profesa, kwa sababu tangu aoe hajawahi kusema "sijui".

Alisoma vizuri mpaka mstari wa tatu. Hapo akakutana na neno refu, indefatigable, akaanza kulikatakata.

"Inde... fati... gebo." Akavua miwani. "Shemeji, humu ndani mna 'fati'. Fati ni mnene."

"Na hayo mengine?"

"Hayo ni ya kukazia. Yaani mnene kweli kweli. Mnene wa kushindikana."

Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nilikasirika, sifichi. Kwamba ni mnene nalijua, kila mlango mwembamba umeshanikumbusha. Lakini umfulie mtu miaka kumi na tisa, halafu akuandikie unene kwenye barua ya kazi?

"Usiipeleke, dada," mdogo wangu akasema alipopata pumzi.

"Naipeleka. Barua nyingine sina. Wakitaka mnene watampata, wakitaka dobi watampata pia."

Meneja wa hoteli alikuwa binti wa rika la mwanangu wa kwanza. Aliifungua barua mezani, nami nikayafuata macho yake mpaka mstari wa tatu. Akatabasamu.

"Indi-FA-tigabo," akalisoma kwa sauti, bila kujikwaa, nguvu zote kaziweka kwenye ile fa. Ikanichoma.

"Ni kweli," nikamuwahi. "Mimi mnene, sikatai. Lakini nikiinua beseni la mashuka mabichi, linainuka. Wembamba walioletwa kule kliniki walidumu wiki mbili."

Akanikodolea macho. "Mama, nani kakwambia ni unene?"

"Profesa."

"Wa chuo gani?"

"Wa sebuleni kwa mdogo wangu."

Alicheka mpaka akafuta machozi. "Unene haumo kabisa, mama. Hii ni sifa kubwa. Maana yake ni mtu asiyechoka. Na mtu wa namna hiyo ndiye tunayemtafuta hapa. Kazi ni yako."

Nilifurahi, lakini kwa pumzi moja tu. Asiyechoka! Nikaikumbuka miguu yangu ilivyokuwa ikivimba kila jioni, na matroni akichungulia mlangoni, "Wewe mwenzetu ni wa chuma," akaenda zake. Mara tatu nilimwomba kiti. Hakikuja hata kimoja. Mtu wa chuma kiti cha nini?

Ningeweza kunyamaza tu, nikatoka pale na kazi yangu.

"Hilo neno lifute," nikamwambia.

"Kwa nini, mama?"

"Si kweli. Mimi nachoka. Nachoka kila siku, na nikichoka nafua vilevile, lakini nachoka. Kama nitasimamia chumba kile nataka viti, changu na vya wenzangu, na mtu akikaa asiulizwe."

Meneja hakulifuta neno. Aliirudisha barua kwenye bahasha, akavuta karatasi tupu.

"Kwa jumla mtakuwa sita mle ndani," akasema. "Niandike viti sita?"

"Andika sita," nikasema. "Changu kiwe kipana."