Pua ya Nyangate

Mzee Onchiri wa Nyamache alikuwa na chai yake, migomba yake na meno yake yote, lakini mwaka ule wa 1998 hakuna alichokifurahia, kwa sababu ya pua ya mtu mwingine.

Pua yenyewe ilikuwa ya Abner wa Nyaramba, upande wa Nyamira. Ilikuwa pua ya heshima. Ikifika sokoni watu wanaanza kusalimu, ndipo Abner mwenyewe anatokea nyuma yake. Mvua ikinyesha, masharubu yake hayalowi. Anayebisha aende Nyaramba wakati wa masika ajionee.

Onchiri na Abner walikuwa wa jina moja, Nyangate, baba wa babu zao, yule aliyemzaba chui kofi mpaka chui akaomba radhi. Ukoo mzima ulikubaliana kumchongea mzee huyo sanamu ya mawe ya Tabaka, isimamishwe kwenye boma la nyumba ya kwanza katika uzao wake. Mwenye boma hilo ndiye angekuwa mkubwa wa ukoo, afungue vikao na kubariki maharusi. Sasa, nyumba ya kwanza ilikuwa ipi? Kila mtu alikuna kichwa, kisha akaitazama pua ya Abner. Ajuza mmoja akasema Nyangate alikuwa na pua kama hiyo, na mambo yakaishia hapo. Mchongaji Obadiah akaitwa kutoka Tabaka, akaipima ile pua kwa kamba kama fundi anayepima mlango.

Siku hiyo Onchiri alirudi nyumbani hakula.

"Babu yangu atakuwa na sura ya Abner!" akamwambia mkewe, Tryphosa. "Wajukuu zangu watakuwa wanamwamkia Abner!"

"Kwani Abner amekukosea nini?"

Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Abner hakuwa amemkosea kitu. Abner akiongea watu wanacheka. Onchiri akisema neno lilelile, wanauliza saa. Ng'ombe wa Abner walizaa mitamba tu, kana kwamba wamehubiriwa. Hata mvua ya mawe iliyochana chai ya watu milima yote ile, ilipofika kwa Abner ikawa manyunyu. Mtu wa namna hiyo unaanzia wapi kumchukia? Inabidi utafute.

Akatafuta. Akaanza kunong'ona sokoni kwamba babu ya Abner hakuzaliwa kwa Nyangate hata kidogo, aliokotwa kando ya mto Gucha ndani ya kikapu cha wimbi, akilia kwa lugha isiyojulikana. Kila alipoisimulia, kikapu kilizidi kuwa kikubwa.

Mwezi wa nane binti yake, Edinah, akaja likizo kutoka Uingereza, alikokuwa akisomea mambo ya maabara. Akawaeleza kwamba katika DNA kuna sehemu ambayo baba humwachia mtoto wa kiume peke yake, naye humwachia wake, vizazi na vizazi, karibu bila kubadilika. Wanaume wa jina moja wakipimwa, hujulikana kama walitoka kwa mtu mmoja. Profesa wake alikuwa akichunguza majina ya namna hiyo.

Onchiri alisimama na kikombe mkononi. "Hiyo inaweza kumkamata mtu wa kikapu?"

"Tata, haikamati mtu. Inaonyesha tu."

"Ni hiyohiyo."

"Na haijui nani mkubwa nani mdogo, tata. Inajua tu..."

Lakini baba yake alikuwa ameshaingia ndani kutafuta kofia.

Wazee wakakubali kupimwa. Walipangwa kwenye benchi kule Nyaramba, midomo wazi kama makinda, Edinah akiwasugua ndani ya mashavu kwa kijiti chenye pamba. Mzee mmoja aliimeza pamba, akalalamika kwamba haina chumvi. Zamu ya Abner ilipofika, akauliza kwa upole, "Mwanangu, utapita wapi na pua hii?" Benchi zima likaangua kicheko. Onchiri hakucheka. Alikuwa ametayarisha mzaha wake mwenyewe tangu asubuhi, na sasa hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuusikia.

Edinah alirudi Desemba, na ukoo ukakusanyika uani kwa Abner. Msichana alikuwa mnyonge tangu ashuke garini. Akasema nyumba zote zilizopimwa zimeonyesha mwanamume mmoja, isipokuwa nyumba moja.

Onchiri akainuka. "Itaje!"

"Tata, afadhali tuongee nyumbani."

"Nyumbani kwa nini? Wa kikapu ajulikane! Itaje mbele ya watu!"

"Tata, nakuomba."

"Itaje, nimesema!"

"Ni sisi," Edinah akasema. "Nilirudia kupima, nikidhani nimechanganya vijiti. Ni sisi, tata."

Onchiri akarudi kukaa. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Loo, kumbe kikapu kilitia nanga Nyamache!" na vicheko vikaanza kuchipuka huku na huku.

Abner akasimama.

"Nani anacheka hapo? Mke wa kwanza wa Nyangate alikuwa Moraa, na Moraa hakujaliwa mtoto wa kiume. Binti yake alipoolewa, Moraa alichukua ng'ombe wa mahari yale akaoa msichana, aje amzalie nyumba yake kwa jina la Nyangate. Msichana akazaa mvulana. Na mwanamume gani? Hatukuuliza wakati huo, hatuulizi leo. Ng'ombe walitoka boma hili, mtoto ni wa boma hili. Mvulana huyo ndiye babu ya Onchiri. Sisi wengine wote ni wa mke wa pili. Nyumba ya kwanza ni ya Onchiri. Sanamu iende Nyamache."

"Ulijua?" Onchiri akauliza.

"Mama aliniambia."

"Na ukanyamaza?"

"Ni habari ya nyumba yako, ominto, ndugu yangu. Nani humsimulia mtu habari ya nyumba yake? Nilikuwa nangoja siku ya kuisimamisha nikukabidhi tu, bila kuyachokonoa haya."

Watu wakapiga makofi. Onchiri alikuwa amepata kila alichokitaka: sanamu, ukubwa, na maharusi wa kubariki. Lakini makofi yalikuwa ya Abner. Hata kushindwa, Abner alishindwa vizuri kuliko yeye alivyoshinda.

Kesho yake alikuwa Tabaka. Akamkuta Obadiah amejaa vumbi jeupe kama mandazi kwenye unga, anaing'arisha sanamu.

"Hiyo pua ipunguze."

"Mzee, pua ndiyo imeshika uso huu. Nikiigonga, paji linapasuka."

"Basi chonga nyingine. Weka yangu."

Obadiah akaitazama pua ya Onchiri, akaitazama kwa adabu. "Yako si ya Nyangate, mzee wangu. Habari zimeshafika mpaka huku."

Hivyo sanamu ikaja Nyamache na pua yake. Vijana waliibeba kwa miti, wawili wakiishughulikia pua peke yake ili isigonge nguzo za lango. Ikasimamishwe wapi? Mbele ya nyumba, kama ilivyo haki ya mkubwa wa ukoo. Kila Onchiri alipofungua mlango, Abner wa mawe alikuwa pale, hajalowa masharubu, anamtazama kwa upole uleule.

Asubuhi moja akamkuta Tryphosa amepiga magoti na kitambaa, analisugua lile jiwe mafuta, shavu hili, shavu lile, na kwenye pua akakawia.

"Unampaka nani mafuta?"

"Babu yako."

"Huyo ni Abner!"

"Basi ni Abner."

"Mimi ulinipaka mafuta lini, mama Edinah?"

Tryphosa hakugeuka. "Na wewe ukae hapa nje kutwa nzima, usigombe, usimseme mtu, usilalamikie chakula. Nitakupaka."

Onchiri akafikiri. Akaweka bakora chini, akaenda akasimama kando ya sanamu, kifua mbele, kidevu juu, mdomo ameubana. Akangoja. Tryphosa alimaliza pua, akakunja kitambaa, akaenda zake kukama.